Usichungulie

Doa lenyewe sikuliona mimi. Aliliona mwanangu wa pili, jioni moja nikiwa nimekaa barazani, miguu nimeinyoosha juu ya mkeka, ungo wa mchele mapajani. Alikuwa amerudi Tanga kutoka Dar es Salaam mwezi mmoja nyuma, na mwezi huo mzima alisema nami maneno ya kuhesabu. Akapita, akarudi hatua mbili, akachuchumaa. "Mama, umekanyaga nini hapa?" Nikadhani ni lami, au utomvu wa korosho. Nikalowesha kidole, nikasugua. Halikutoka.

Lilikuwa na ukubwa wa punje ya choroko, jeusi, ubavuni mwa kisigino cha mguu wa kushoto, na upande mmoja ukingo wake ulikuwa umemwagika kama wino kwenye karatasi mbovu. Limekaa hapo tangu lini, sikuweza kusema. Mtu huujua uso wake na mikono yake, hata mgongo huusikia unapouma. Unyayo nani anautazama? Nyayo zetu huonwa na wanaosali safu ya nyuma.

Ningeliacha. Nina miaka 58, na 33 kati ya hiyo nimesimama mbele ya ubao. Nyayo zangu zimeshapata kila aina ya ufa na sugu. Kijana ndiye aliyeng'ang'ania. Akanikumbusha Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36 tu, kwa saratani ya ngozi iitwayo melanoma iliyoanzia kwenye kidole gumba cha mguu, chini ya ukucha. Aliumia kidole mpirani, watu wakadhani ni jeraha la mpira basi, kumbe ugonjwa ulikuwa humo. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba kwetu watu weusi, melanoma ikitokea, mara nyingi huchagua mahali ambapo rangi yetu ni hafifu: viganjani, nyayoni, chini ya kucha. Tumezoea kuambiwa saratani ya ngozi ni ya wazungu na jua lao, tukasahau kugeuza miguu.

Kwenye benchi la kliniki nilikaa jirani na kijana mwenye ualbino, kofia pana, mikono ya shati imefungwa vifungo hadi kiganjani. Alikuja kugandishwa madoa ya kwenye paji la uso na masikioni, yale ambayo yakiachwa huweza kugeuka saratani. Alinieleza kwa utulivu kama mtu anayeelekeza njia: daktari ana chupa ya nitrojeni iliyogeuzwa maji, baridi yake nyuzi 196 chini ya sifuri, anaipuliza juu ya doa kwa sekunde chache. Inachoma kama siafu. Kesho yake kunatoka lengelenge.

"Nilipokuwa mdogo nikilipasua," akasema. "Nilidhani maji yakitoka, ugonjwa nao umetoka. Likawa linachimba kidonda. Siku hizi naliacha. Linanyauka, linadondoka lenyewe, na chini yake unakuta ngozi imeshaota."

Alikuwa amefundishwa hayo Moshi, kwenye kile kituo cha kufundishia madaktari wa ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 pale hospitali ya KCMC. Huko huko ndiko kulikoanza kutengenezwa Kilisun, mafuta ya kujikinga na jua kwa ajili ya watu wenye ualbino. Nilimsikiliza kwa adabu, nikidhani habari zake hazinihusu. Yeye ana lengelenge, mimi nina doa. Laiti ningemsikiliza vizuri.

Daktari alikuwa binti wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. "Shikamoo mwalimu," akaniambia, ameshasoma faili. Akaweka juu ya unyayo lenzi ndogo yenye taa, akapiga picha, akanionyesha kwenye simu. Unyayo ukikuzwa namna ile ni shamba: tuta na mfereji, tuta na mfereji, mistari sambamba hadi picha inapoishia. "Rangi ikikaa mferejini, roho zetu hutulia," akasema. "Ikipanda juu ya tuta, tunakata." Yangu sehemu kubwa ilikaa mferejini, ila kwenye ule ukingo uliomwagika hakuwa na hakika. Basi likatwe lote, lipelekwe maabara, kipimo cha nyama ndicho kiseme. Nimelima mpunga, nimelima mahindi, na miaka yote hiyo nilikuwa natembea juu ya shamba jingine bila habari.

Sindano ya ganzi kwenye unyayo inauma, asikudanganye mtu. Lakini ni kitambo kidogo. Baada ya hapo nilisikia kuvutwavutwa tu, kama mtu anayeshonewa nguo akiwa ameivaa. Dakika 20 zilitosha: kipande cha ngozi ndani ya kichupa, nyuzi nne nyeusi kisiginoni. Daktari akavua glavu, akavuta kigoda, akaketi mbele yangu, na maelezo yakachukua muda mrefu kuliko upasuaji.

Saa 48 za kwanza bandeji isilowe wala isifunguliwe. Halafu mara moja kila siku: maji safi na sabuni ya kawaida, kukausha kwa kugusagusa bila kusugua, mafuta ya mgando kiasi cha kung'aa, shashi mpya, bandeji. Spiriti hapana. Ile dawa inayotoa povu nayo hapana, kwa sababu povu lile halibagui, linaua vijidudu pamoja na chembe changa za ngozi. Mguu ulale juu ya mito hadi upite usawa wa moyo. Kisigino kisiguse ardhi. Nyuzi za usoni hutolewa ndani ya wiki moja, akasema, ila za unyayo, kwa kuwa unyayo unabeba mtu mzima, zitakaa wiki mbili na siku juu yake.

"Na damu ikitoka?"

"Chukua kitambaa safi, gandamiza kwa kiganja, dakika 20 kwa saa ya ukutani. Usichungulie. Kila ukichungulia unang'oa donge la damu lililokuwa linashika, unaanza upya." Akaniandikia siku ya kurudi. Kisha akasema jambo ambalo wakati ule nililipokea kama maneno ya kuagana: "Mwalimu, mimi nimekata na nimeshona. Kuotesha ngozi sijui, na wewe pia hujui. Yenyewe inajua. Usiisumbue tu."

Lazima niseme mimi ni mtu wa namna gani. Mimi ni mtu wa kusahihisha. Kalamu nyekundu imekaa mkononi mwangu muda mrefu hata mkono ukajifunza kuitafuta hata isipokuwapo. Mwanangu aliporudi na begi moja, amekonda, simu ameizima, nilimpokea kwa kumkumbatia, na kesho yake kwenye chai nikaanza kusahihisha. Duka limekuwaje? Mwenzako yuko wapi? Una deni? La nani? Umegombana na mtu? Kuna mwanamke? Kila asubuhi nilibadilisha swali, nikidhani sijapata ufunguo wenye meno yanayolingana na kufuli. Nilikuwa namkwangua kama mtu anayekwangua sufuria iliyoungua. Majibu yakawa mafupi, mwisho likabaki moja, "Yatakaa sawa, mama," na mwisho kabisa akawa hatokei kwenye chai.

Kwa dhati ya moyo wangu niliamini kwamba huo ndio upendo. Baba yake alishafariki, nani mwingine wa kumwuliza? Jambo likiwa ndani ya mtu linaoza, ndivyo nilivyokuwa nikisema. Litoke nje, lipate hewa.

Bandeji niliifungua usiku ule ule wa kwanza. Nilitaka kuona tu. Siku ya tatu niliifungua mara mbili, ya pili kwa tochi ya simu. Siku ya nne maziwa yalifurika jikoni, nikaruka kutoka kitandani na kukanyaga kwa mguu mzima. Hatua nne tu, lakini sakafu ilishapata alama nyekundu za kisigino nilipofika mlangoni. Nikaketi chini, nikagandamiza kwa ncha ya khanga. Nikachungulia. Damu. Nikagandamiza, nikachungulia. Damu zaidi. Mara ya tatu nilikuwa natetemeka, na sidhani kama nilikuwa nagandamiza tena, nilikuwa nafuta tu.

Mwanangu akaja. Hakusema kitu. Akachukua kitambaa safi kabatini, akauweka mguu wangu juu ya goti lake, akashika kisigino kwa kiganja chote, akainua macho kwenye saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja na dakika kumi asubuhi. Alikaa hivyo mpaka saa moja na nusu. Nilisikia joto la kiganja chake likipita kwenye kitambaa, nikasikia mishale ya saa, na jogoo wa jirani, na mtu aliyepita na baiskeli akiuza samaki. Sikumwuliza neno, si kwa hekima yoyote, bali kwa sababu nilikuwa nimeogopa. Zilikuwa dakika 20 za kwanza tangu arudi ambazo tulikaa pamoja bila swali kati yetu. Alipoinua kitambaa, damu ilikuwa imekatika.

Ungedhani nilijifunza. Siku ya sita jirani yangu, mtu mwema asiyekosa msibani wala harusini, alinijulia hali na karatasi mkononi. Ndani mlikuwa na vidonge vya rangi mbili. Kila nyumba hapa kwetu inavijua: unatenganisha kidonge, unga wake unaumwaga juu ya kidonda, "kikauke haraka." Nilivimwaga viwili. Kwa kweli nilifurahi kuwa na kitu cha kufanya. Mafuta ya mgando na subira havikunitosheleza. Havikuwa na ukali wowote, na mimi nilikulia katika imani kwamba dawa isiyochoma haifanyi kazi.

Unga ule ulichanganyika na majimaji ya kidonda, ukagandamana na nyuzi, ukawa kama saruji. Siku ya nane mguu ukawa unapwita, nikapelekwa zahanati ya jirani. Muuguzi alilowesha kwa maji ya chumvi ya hospitali muda mrefu, akiinua kipande kimoja kimoja kwa kibano. Kipande cha mwisho kilipobanduka kilibeba kitu cheupe chembamba kama utando wa ndani ya ganda la yai. Akakiangalia, akaniangalia. Hakunikaripia. "Hii ndiyo ngozi yenyewe, mama," akasema. "Ilikuwa imeshaanza kufunga."

Nililia pale, na mtu anaweza kushangaa mwanamke mzima kulilia ngozi isiyofika upana wa kucha. Nilichokiona kwenye kile kibano ni zile asubuhi za chai.

Tangu siku ile nimesoma na kuuliza sana, kwa kuwa nilitaka kujua nilikosea nini hasa. Tunaambiana kidonda kiachwe wazi kipate hewa, kishike kigaga kikavu. Mwaka 1962 mtafiti mmoja wa Uingereza, George Winter, alijaribu hilo kwa nguruwe: vidonda vingine akaviacha vikauke, vingine akavifunika vibaki na unyevu. Vilivyofunikwa viliota ngozi karibu mara mbili kwa kasi. Sababu yake, ukishaielewa, ni nyepesi. Chembe za ngozi mpya hutambaa kutoka kingoni kwenda katikati, na zinatambaa penye unyevu. Ukikausha kidonda, zinakuta gamba gumu mbele yao, inabidi zichimbe kupita chini yake. Mafuta ya mgando hayaponyi chochote. Yanaweka unyevu, yanazuia bandeji isinate, kazi yake imeishia hapo. Na juu ya ile imani ya unga wa dawa: utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 1996, juu ya vidonda zaidi ya 1,200 vya upasuaji mdogo wa ngozi, ulilinganisha mafuta ya kawaida ya mgando na mafuta yenye antibiotiki. Maambukizi yalikuwa machache pande zote mbili, tofauti haikuwa ya maana, na wenye mafuta ya dawa ndio waliopata mzio. Unga wa kidonge una hatari zaidi ya hiyo, kwa kuwa unavifundisha vijidudu kuizoea dawa ambayo kesho mtoto mwenye homa ya mapafu ataihitaji.

Marehemu mama yangu alitutibu kwa majivu, unga wa kahawa na kitunguu saumu kilichopondwa, na simdharau. Alikuwa na watoto saba na hospitali ilikuwa mbali. Mengine katika yale ya wazee yana asili ndefu. Asali juu ya jeraha imo katika maandiko ya waganga wa Misri ya kale yenye umri wa zaidi ya miaka 3,500, na hospitali leo zinatumia asali iliyosafishwa mahsusi kwa vidonda, ambayo si sawa na ile ya kwenye chupa ya soda. Lakini naona sasa kwamba nusu ya dawa zile zilikuwa za kumtuliza mama mwenyewe. Mikono ya mzazi haivumilii kukaa bure mtoto anapoumia.

Baada ya zahanati mwanangu aliweka sheria. Kufungua bandeji ni kazi yake, mara moja kwa siku, baada ya alasiri. Mimi nitazame mwarobaini wa uani. Nilitii kwa sababu sikujiamini tena. Alikuwa ananawa mikono hadi kwenye viwiko, anakunjua kila kitu juu ya taulo safi kabla ya kugusa chochote, kisha anaweka mgongo wa mkono wake kwanza kwenye kisigino cha kulia, halafu cha kushoto. Nilimwuliza anafanya nini, na hili ni swali alilolijibu kwa kirefu. Kila karatasi ya maelezo, alisema, inamwambia mtu atazame wekundu unaosambaa. Mama, wewe si mwekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unajificha, unaweza kuonekana kama zambarau au weusi uliozidi, au usionekane kabisa. Basi mtu apime kwa mkono. Joto lililozidi mguu mwingine, uvimbe, maumivu yanayopanda badala ya kushuka baada ya siku ya pili au ya tatu, usaha, homa. Alikuwa amesoma habari za Malone Mukwende, mwanafunzi wa udaktari London, mzaliwa wa Zimbabwe, aliyeona vitabu vyake vinaonyesha magonjwa juu ya ngozi nyeupe tu, na mwaka 2020 akatoa pamoja na walimu wake kitabu cha kuonyesha dalili hizo juu ya ngozi nyeusi na ya kahawia.

Alizungumza pengine dakika tano mfululizo. Nilitazama mwarobaini.

Nilikuwa nimekaa na mtoto huyu miezi miwili nikitafuta wekundu. Nilitaka alie, au akasirike, au avunje kitu, ndipo nijue pa kuweka dawa. Hakufanya hata moja, nikahitimisha kwamba ananificha. Sikufikiri kwamba kuna watu ambao uchungu wao hauonekani kwa rangi, na kwamba kwa hao lazima usogee karibu, uweke mgongo wa mkono, upime joto, kisha uuondoe mkono wako.

Siku ya kumi na moja, akiwa ameinamia kisigino, alisema, "Yule mwenzangu alifunga duka usiku." Kimya. Alikuwa anakausha, anagusagusa. "Nilikuta kufuli jipya." Maswali yalinijaa kinywani kama maji, ningeweza kuyahesabu, yalikuwa sita. Bidhaa je? Polisi je? Mkataba je? Niliyaona yote, na niliuona ule utando mweupe kwenye kibano. Nikanyoosha mkono, nikamsogezea kopo la mafuta. Akapaka, akafunga, akakusanya vitu vyake, akaondoka. Ilikuwa sentensi mbili.

Nyuzi zilitolewa siku ya kumi na saba, na majibu ya maabara yalikuwapo siku hiyo hiyo: doa la kawaida, limekatwa lote, hakuna saratani. Nilimshukuru Mungu kwa sauti mpaka waliokuwa nje wakaitikia. Daktari alinipa pumzi moja ya furaha, halafu akanirudisha chini. Kwa macho kidonda kimefunga, akasema, lakini kovu la wiki tatu lina kama asilimia 20 tu ya nguvu za ngozi ya awali. Linajengwa ndani kwa ndani miezi mingi. Ikifika mwezi wa tatu litakuwa na kiasi cha asilimia 80, na hapo ndipo mwisho wake, hairudi tena mia kwa mia. Kwa hiyo viatu laini, hatua fupi, mafuta na kulikanda taratibu, na kila miezi michache nigeuze nyayo zote mbili na kutazama.

Unyayo una bahati zake. Keloidi, lile kovu linalovimba na kupita mipaka ya kidonda, hupenda zaidi masikio, kifua, mabega na taya, na ni nadra nyayoni. Mwenye ukoo wa keloidi amwambie daktari kabla ya kisu, si baada. Na jua haliupati unyayo. Usoni ni jambo jingine, nami nina shoga yangu aliyechomwa vile vinundu vidogo vyeusi vya mashavuni, vinavyowatoka wengi wetu kwa umri na kwa kurithi, visivyo na madhara yoyote. Vilitoka vizuri. Zikabaki alama nyeusi, kama inavyokuwa kwenye ngozi zetu kila inapojeruhiwa. Zingefifia zenyewe kwa miezi, kwa kofia na mafuta ya kukinga jua. Hakungoja. Alikwenda kununua mkorogo, na mashavu yakawa mekundu, membamba, yenye mishipa, na alama zile zikazidi. Ni mwanamke hodari na alinihadithia mwenyewe, kwa hiyo sioni vibaya kuliandika. Yeye alikuwa na alama za miezi mitatu. Ameongeza za miaka.

Nilifika nyumbani na ile habari ya asilimia 20, na wiki hiyo hiyo wifi yangu alikuja kututembelea. Alimkuta kijana anacheka na watoto uani. "Huyu si ameshapona?" akaniambia pembeni. "Mbona hatafuti kazi?" Miezi miwili nyuma ningekubaliana naye, na jioni ningeyapeleka maneno hayo kwenye mkeka wa chakula, nimeyavisha nguo za ushauri. Nilimwonyesha kisigino changu. Kizuri, kimefunga, mstari mwembamba. Nikamwambia, "Wifi, bado siruhusiwi kukikanyagia kwa nguvu." Sijui kama alinielewa. Alinisaidia kuanua nguo.

Mwanangu aliendelea kunikanda kile kisigino hata pale nilipoweza kujikanda mwenyewe, na sikumwambia kwamba naweza. Ndipo habari iliponijia kwa vipande. Kipande cha kufuli nilishakipata. Wiki ya tano kilikuja cha mtaji, ambao ndani yake mlikuwa na fedha za mahari aliyokuwa akiweka. Kwa hiyo mwanamke alikuwapo. Katika maswali yangu yote lile moja nililipata sawasawa, na halikunisaidia kitu. Wiki ya saba alinieleza kwamba ile siku ya kufuli alikaa stendi usiku kucha na tiketi mkononi, akiona aibu kupanda. Hapo alisita kwa muda mrefu. Kidole gumba chake kilikuwa juu ya kovu, hakisogei. Nikatazama mwarobaini.

Yapo ambayo hakuniambia, na mengine nadhani hataniambia. Najizuia kwa nguvu, siwezi kusema ni tabia yangu mpya. Kalamu bado naitafuta. Mjukuu wangu akianguka huwa nishafika kabla hajajua kama ameumia. Kwenye mkutano wa wazazi wiki iliyopita nilimkata mzazi mwenzangu maneno mara mbili, nikajiona. Lakini kisigino kipo, nakikanyaga kila hatua, na asubuhi za baridi lile kovu linavuta kidogo.

Mwezi wa tatu ulipoisha aliniambia anarudi Dar es Salaam, kuna fundi simu Kariakoo anataka mtu wa kusaidiana naye. Jumatatu alfajiri nilimfungashia vitumbua na mihogo ya kukaanga, nikamsindikiza mpaka stendi kwa miguu, mara ya kwanza kutembea umbali ule tangu nikatwe. Tulisimama kando ya basi. Alinipa kopo la mafuta ya mgando, jipya, amelinunua mwenyewe. Nikalipokea. Sikumwuliza atafikia kwa nani. Aliniambia mwenyewe kupitia dirishani, gari likishaanza kusogea.